Je, uhalisia pepe unabadilisha usanifu majengo wenyewe, au unabadilisha tu namna ya kuuonyesha?

Mstari_na_Nafasi ameuliza:

Habari za wakati huu, wakuu. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, niko mwaka wa mwisho, na ninaandaa tasnifu kuhusu nafasi ya miwani ya uhalisia pepe (virtual reality) katika kazi ya kusanifu. Nimesoma mengi yanayoisifu teknolojia hii, lakini karibu yote yanaishia kwenye jambo moja: mteja anavaa miwani, anatembea ndani ya nyumba ambayo bado haijajengwa, anafurahi, anatia saini. Hilo sina shaka nalo. Ninachotaka kukielewa ni kama miwani hiyo inaingia ndani ya maamuzi ya msanifu mwenyewe, yaani kama kuna ukuta unaosogea, dari inayoshuka au mlango unaohamia upande mwingine kwa sababu kuna mtu aliyesimama ndani ya mchoro, wakati kwa kutazama karatasi au skrini peke yake mabadiliko hayo yasingefanyika.

Linalonitatiza zaidi ni suala la kuaminika. Nikivaa miwani nikaona chumba ni kidogo, je, ni kidogo kweli, au ni kifaa kinachonifanya nikione hivyo? Nikiona mwanga wa asubuhi unapendeza ukumbini, naweza kuupitisha mchoro kwa ushahidi huo? Nimesikia pia hoja kwamba anayesanifu kwa miwani tangu mwanzo huishia na majengo ya aina fulani, yenye kuvutia kwa macho lakini dhaifu katika mpangilio, na sijui kama hoja hiyo ina msingi. Ningefurahi kusikia kutoka kwa waliokwisha kuitumia kazini, na pia kutoka kwa mtu aliyewahi kuitwa kulipitia jengo kwa njia hii akiwa mtumiaji tu, si mtaalamu.

Mchora_Ramani amejibu:

Ndugu Mstari_na_Nafasi, kuta husogea, tena mara nyingi, na nitakueleza kwa nini.

Ramani ya sakafu ni jengo lililokatwa kwa mlalo, mita moja na ushei juu ya sakafu, kisha likatazamwa kutoka juu. Hakuna binadamu anayeliona jengo kwa namna hiyo. Sisi tulioisomea kazi hii tumezoea kuigeuza mistari kuwa nafasi vichwani mwetu, na hata sisi tunafanikiwa zaidi kwenye vyumba vya kawaida vya mraba kuliko kwenye nafasi zinazopanda ghorofa mbili, zinazopinda, au zinazochunguliana. Mwalimu mkuu wa shule inayotarajiwa kujengwa au msimamizi wa maktaba hana mazoezi hayo. Unamwekea mezani ramani ya skeli ya 1:100, anaitikia kwa adabu, na ni baadaye sana, zege likiwa limeshamwagwa, ndipo anapouliza kwa nini hapa pamebana hivi.

Hamu ya kumpa mtazamaji jicho lake mwenyewe ni ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 15, Filippo Brunelleschi alichora jengo la ubatizo la Florence juu ya ubao, akautoboa ubao huo, na mtazamaji akatakiwa kuchungulia kutoka nyuma yake huku akiiangalia picha ndani ya kioo kilichoshikwa mbele, ili alichochora mchoraji kilingane na ambacho jicho lingekiona pale mahali penyewe. Mwaka 1968 Ivan Sutherland nchini Marekani alionyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani, kilichounganishwa na mtambo ulioning'inia darini, ambacho kilimwonyesha mvaaji maumbo ya mistari mitupu yaliyobadilika kadiri alivyogeuza shingo. Katika miaka ya 1980, Frederick Brooks na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill walitengeneza modeli ya kompyuta ya jengo lao jipya, Sitterson Hall, likiwa bado kwenye michoro. Walipotembea ndani yake waliona kwamba ukuta mmoja wa ukumbi wa kuingilia unabana nafasi, na mchoro ukarekebishwa. Kwa hiyo ukitaka mfano wa mapema wa ukuta uliosogea, ndio huo. Yaliyofuata ni historia ya kushuka kwa gharama: mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago walionyesha CAVE, chumba ambacho kuta zake ni skrini, mwaka 2016 miwani ya Oculus Rift na ya HTC Vive iliingia sokoni, na mwaka 2019 Oculus Quest ikawawezesha watu kuvaa kifaa kisicho na waya wala kompyuta pembeni.

Siku hizi modeli ileile ninayochorea kwenye programu za usanifu kama Revit, SketchUp au Rhino inafunguka kwenye miwani kupitia programu kama Enscape au Twinmotion baada ya muda mfupi tu. Zamani picha moja nzuri ya jengo iliifanya kompyuta ifanye kazi kwa saa nyingi, na kwa sababu hiyo tulichagua pembe moja au mbili za kuonyesha. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mabadiliko makubwa yalipo. Anayechagua pembe anachagua pia kisichoonekana. Kila msanifu ana kona ambayo hakuimaliza vizuri, ile iliyo nyuma ya ngazi au mwishoni mwa korido ya vyoo, na katika picha iliyochaguliwa kona hiyo haitokei. Mtu aliyevaa miwani anageuza shingo anakotaka, na mara nyingi anageukia hukohuko. Msanifu anayejua kwamba mgeni wake ataingia kila pembe analazimika kuzifikiria pembe zote mapema, na jambo hilo linabadilisha mchoro hata kabla miwani haijavaliwa.

Kwa uzoefu wangu, vinavyobadilika zaidi ni vile vinavyohusu urefu wa jicho na mwendo wa mwili: urefu wa kingo za madirisha kwa mtu aliyeketi, upana wa korido ndefu, mahali dari inapotoka chini kwenda juu, kitu cha kwanza kinachoonekana mlango unapofunguliwa, na jinsi nguzo inavyokata mstari wa macho. Vyumba vya mitambo pia. Kompyuta inaweza kutambua yenyewe kwamba bomba la hewa limegongana na boriti, hilo halihitaji miwani. Lakini kama fundi atakayekuja kufunga valvu ataweza kuupitisha mkono wake pale, huku taa ameishika mkono wa pili, hilo unalijua ukisimama mahali pake. Umbo la jengo kwa nje na uhusiano wake na mtaa hubadilika kidogo sana kwa njia hii, na sioni kama ni hasara, kwa kuwa tuna njia nyingine nzuri za kuyapima hayo.

Nuru_na_Kivuli amejibu:

Nami nitajibu lile swali la kuaminika, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku: kutayarisha modeli ziweze kuingia kwenye miwani, na kufanya mahesabu ya mwanga.

Tuanze na ukubwa. Tafiti nyingi za miaka mingi zimeonyesha kwamba watu waliovaa miwani ya uhalisia pepe hukadiria umbali kuwa mfupi kuliko ulivyo. Vifaa vipya vimepunguza kasoro hiyo bila kuiondoa. Sababu zinazotajwa ni kadhaa na zinashirikiana. Binadamu huona takriban nyuzi 200 kutoka kushoto hadi kulia, ilhali miwani nyingi huonyesha nyuzi 100 hivi, kwa hiyo kuta za pembeni na sakafu iliyo miguuni, ambazo ni vipimo muhimu vya mwili, hukatwa. Lenzi zake hulilazimisha jicho kukaza katika umbali mmoja usiobadilika, hata pale ambapo macho mawili yanaelekezwa kwenye kitu kilicho karibu sana au mbali sana. Zaidi ya hayo, umbali kati ya mboni na mboni hutofautiana baina ya watu. Wastani wa watu wazima ni karibu milimita 63, na kifaa kisiporekebishwa kumfuata mvaaji, ukubwa wa chumba kizima unaweza kupotoka machoni pake.

Kwa hiyo ukisikia mtu akisema "chumba hiki ni kidogo", usikimbilie kukipanua. Tunachofanya sisi ni kutengeneza kwanza modeli ya chumba anachokifahamu, kwa mfano chumba kilekile alichosimama tukizungumza, tukampa akizoee ndani ya miwani kwa dakika chache, ndipo tukampeleka kwenye jengo jipya. Kasoro ya kifaa inabaki, lakini sasa imevipata vyumba vyote viwili kwa kiasi kinachokaribiana, na hukumu yake inakuwa ya kulinganisha. "Hiki ni kikubwa kuliko kile" ni kauli ninayoiamini. "Hiki kina mita nne" siiamini, na sina sababu ya kuihitaji, kwa kuwa modeli yenyewe ina vipimo.

Kuhusu mwanga nina msimamo mkali zaidi. Jua la mchana lisilo na mawingu huangaza ardhi kwa kiasi kinachofikia lakisi 100,000 (lakisi, au lux, ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), wakati meza ya ofisi huridhika na lakisi 500. Jicho hulimudu pengo hilo kwa kupanuka na kusinyaa kwa mboni na kwa kuzoea taratibu. Skrini iliyo ndani ya miwani haina nguvu ya kuonyesha hata sehemu ndogo ya pengo hilo, na programu huficha upungufu huo kwa kujirekebisha zenyewe: ukitazama dirishani picha inafifishwa, ukigeukia ndani inang'arishwa. Matokeo yake ni kwamba mng'ao unaoumiza macho, ule unaomfanya mtu ashushe pazia saa tatu asubuhi na kuliacha hivyo hadi jioni, hauwezi kutokea ndani ya miwani. Dirisha litakalomtesa karani kwa miaka mingi linaonekana pale kama dirisha zuri kabisa. Kiasi cha mwanga kipimwe kwa programu za mahesabu kama Radiance, ambayo Greg Ward alianza kuiunda katika maabara ya Lawrence Berkeley katikati ya miaka ya 1980 na ambayo hadi leo hutumiwa kama kigezo. Miwani nibakishie mwelekeo: doa la jua linaangukia wapi saa fulani ya tarehe fulani, linapanda ukuta upi, linamfikia nani usoni. Hiyo ni jiometri tupu, na ikiwa umeweka kaskazini sahihi na latitudo sahihi, jibu lake ni la kutegemewa.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Ili mvaaji asipate kichefuchefu, picha inatakiwa ifuate mwendo wa kichwa kwa kuchelewa kusikozidi takriban milisekunde 20, na vifaa vingi huchora picha mpya mara 90 kwa sekunde. Maana yake kompyuta ina kama milisekunde 11 za kuchora picha mbili, moja kwa kila jicho. Modeli haiwezi kubeba kila kitu ndani ya muda huo. Tunapunguza: majani ya miti yanakuwa vipande bapa, mapazia yanakakamaa, viungio vya mbao vinafutwa, matofali yanakuwa picha iliyobandikwa juu ya ukuta laini. Majengo yenye nyuso laini, kioo kingi na pembe safi hupita kwenye mchujo huo bila kuumia, ilhali jengo ambalo uzuri wake uko katika jiwe lililochongwa kwa mkono au ufumaji wa miti hufika kwenye miwani likiwa limenyang'anywa kilicho bora. Nimewahi kuketi kwenye kikao ambapo ukuta wa mawe ulikataliwa kwa kuwa "hauvutii", na walichokikataa ilikuwa picha yangu iliyopunguzwa, kwani jiwe lenyewe hakuna aliyeliona. Tangu hapo naomba kipande halisi cha nyenzo kiwe mezani, mtu akishike huku amevaa miwani.

Muuguzi_wa_Zamu amejibu:

Umeomba maoni ya mtumiaji asiye mtaalamu, nami nilikuwa mmoja wa wauguzi walioalikwa kuupitia mchoro wa wodi kabla haijajengwa.

Tulianza kwa kuonyeshwa ramani, na wote tuliikubali. Vitanda vilikuwepo kwa idadi tuliyoomba, vyoo vilikuwepo, meza ya wauguzi ilikuwa katikati. Kisha tukapewa miwani. Mwenzangu aliyetangulia aliketi kwenye kiti halisi kilichowekwa pale meza ya wauguzi ingekuwa, akageuka kukitazama kitanda cha kona, akasema, "Namwona miguu tu." Nguzo ilikuwa imeuficha uso. Kwenye ramani nguzo hiyo ilikuwa mraba mdogo mweusi ambao hakuna aliyeujali. Muuguzi wa usiku hamwangalii mgonjwa miguu. Anaangalia uso, na anaangalia kifua kama kinapanda na kushuka. Mhandisi alieleza kwamba nguzo haiwezi kuhama kwa kuwa inabeba ghorofa ya juu, kwa hiyo meza ndiyo iliyohama, na kaunta yake ikashushwa upande mmoja ili aliyeketi asizuiwe na ukingo wake. Yote hayo yalitokea mbele yetu: wasanifu waliisogeza meza kwenye kompyuta, nasi tukaketi tena na kutazama.

Baadaye mmoja wetu alipendekeza tulale. Tukaleta kitanda, tukalala kwa zamu huku tumevaa miwani, na kila aliyelala aliona kitu kilekile: taa ya dari ikimwangaza machoni moja kwa moja. Mgonjwa anayelala chali siku nzima huishi na dari, ukuta hauoni. Sikumbuki kama kuna yeyote aliyekuwa ameizungumzia dari kabla ya hapo. Taa zikahamishiwa pembeni, na dari ikaanza kuchorwa kwa uangalifu uleule waliokuwa wameutumia kwa kuta.

Lakini niseme pia ambayo miwani haikutusaidia. Kumwinua mgonjwa dhaifu kutoka chooni kunahitaji wauguzi wawili, mmoja kila upande, na viwiko vyao vinatanuka. Ndani ya miwani viwiko vilipenya ukuta bila kuhisi chochote, na choo kikaonekana kinatosha. Tuliomba kijengwe kwa maboksi, ukubwa wake halisi, na tulipomwinua mwenzetu humo ndani tukajua kwamba hakitoshi. Vivyo hivyo kwa kugeuza kitanda chenye magurudumu mlangoni, uzito wa mlango, na kelele. Kwa yale ambayo mgusano na nguvu za mwili ndivyo vinavyoamua, ningeomba wasanifu wasituondolee maboksi.

Mwalimu_wa_Studio amejibu:

Nimeyasoma yote kwa makini, na maelezo ya dada yetu Muuguzi yana thamani kuliko makala nyingi nilizowahi kusoma kuhusu jambo hili. Hata hivyo nina hofu ambayo Ndugu Mchora_Ramani ameipita haraka, nayo inagusa swali la mwisho la mwanafunzi.

Miwani humweka msanifu katika urefu wa jicho, mahali pamoja, wakati mmoja. Wanafunzi wangu wanaoingia humo mapema mno na kukaa muda mrefu hutengeneza nafasi moja nzuri, wakasogea, wakatengeneza nyingine nzuri, na mwisho jengo linakuwa kama shanga zisizo na uzi. Ramani, pamoja na ugeni wake wote kwa mteja, inaonyesha mambo ambayo hakuna jicho linaloweza kuyaona kwa mara moja: nani amepakana na nani, nafasi ya umma inaishia wapi na ya faragha inaanzia wapi, nguzo zinarudia kwa mpangilio gani, mabomba ya ghorofa ya tatu yanateremkia wapi. Mkato wa wima unaonyesha kwamba chumba cha chini na cha juu vinashiriki mwanga uleule. Haya ni maamuzi ya jengo zima, na huamuliwa vizuri na mtu anayeliona lote likiwa limelala mbele yake.

La pili ni mwendo. Ili kuepuka kizunguzungu, kinachotokana na macho kusema "tunatembea" wakati sikio la ndani linasema "tumesimama", programu nyingi humruhusu mvaaji kuelekeza kidole na kuruka papo hapo hadi mahali anapotaka. Kuruka huko kunafuta korido. Kunafuta ngazi. Chukueni Villa Savoye, nyumba ya msanifu Le Corbusier iliyokamilika mwaka 1931 huko Poissy, Ufaransa: njia ya mteremko inayopanda katikati ya nyumba ndiyo moyo wake, kwa kuwa mtu anainuliwa polepole, mwanga unabadilika, na mandhari yanafunguka kadiri anavyopanda hadi juu ya paa. Mvaaji wa miwani anaruka kutoka chini hadi juu kwa kubonyeza kitufe, na nyumba hiyo inabaki sanduku jeupe lenye madirisha marefu. Nina wasiwasi wa kweli kwamba kizazi kinachozihukumu nafasi kwa kuruka kitaanza kuziona korido na ngazi kuwa ni eneo lililopotea bure, ilhali katika shule au ofisi ni hapo watu wanapokutana bila kupanga.

Kuhusu maumbo yaliyopindapinda, ambayo wengine huyahesabu kuwa zawadi ya uhalisia pepe, tuwe waangalifu. Jumba la makumbusho la Guggenheim la Bilbao, Hispania, lenye kuta zilizopinda, lilifunguliwa mwaka 1997, na mipindo yake iliwezekana kwa programu ya CATIA iliyotoka kwenye usanifu wa ndege. Miwani haikuhusika. Kuchora hewani kwa mkono, jambo ambalo Tilt Brush, programu ya Google ya kuchorea ndani ya miwani, ililifungua kwa watu wengi mwaka 2016, ni mazoezi mazuri ya kuwaza umbo, lakini mkono usio na meza ya kuegemea hauna usahihi, na bado sijaona jengo ambalo ningesema kwa uhakika kwamba lisingezaliwa bila hilo.

Mstari_na_Nafasi ameandika tena:

Nawashukuru nyote kwa kunipa muda wenu. Sasa naona kwamba nilikuwa nauliza maswali mawili tofauti, moja la nani anayeshiriki kuamua na jingine la namna msanifu anavyowaza. Naomba jambo moja la vitendo: katika tasnifu nitaendesha vikao vya majaribio na watumiaji wa maktaba. Nifanye nini ili nisipate majibu ya "inapendeza" tu?

Mchora_Ramani amejibu:

Kwanza namkubalia Mwalimu kuhusu ramani. Hata mimi siingii kwenye miwani kabla sijajua jengo limepangwa vipi. Nisipokubaliana naye ni kwenye suala la kusubiri. Ukivaa miwani mchoro ukiwa umeshakamilika, wahandisi wameshapiga mahesabu na mkadiriaji majenzi ameshatoa bei, kila dosari utakayoiona itakuwa na gharama, na kikao kitageuka kuwa cha kutetea badala ya kutafuta. Mimi huingia mapema, mchoro ukiwa bado hauna heshima yoyote, nikatoka, nikarudi kwenye ramani, nikaingia tena.

Kwa vikao vyako, ondoa nyenzo zote. Kuta ziwe kijivu, sakafu kijivu kilichokolea kidogo, bila mbao, bila maua, bila watu wanaotabasamu. "Inapendeza" huletwa na sakafu ya mbao inayong'aa. Ikiwa haipo, mtu hana cha kusifu na anaanza kuzungumzia nafasi. Pia akiona nyenzo mapema huamini zimeshaamuliwa, na baadaye utakuwa na kazi ya kumweleza kwa nini zimebadilika.

Usimuulize anaonaje. Mpe kazi. Mwambie msimamizi wa maktaba aketi mahali pake na akuambie anawaona wasomaji wangapi. Mwambie msomaji atafute mlango wa kutokea kutoka kwenye kona ya mwisho ya rafu. Mwambie aliyeingia kwa mara ya kwanza aonyeshe anakodhani choo kipo. Wewe kaa kimya uandike anakotazama na anaposita. Kusita ni data nzuri kuliko sifa.

Badilisha urefu wa jicho. Programu nyingi huanzia kwenye jicho la mtu mzima aliyesimama, na modeli nyingi haziangaliwi kwa namna nyingine. Lishushe hadi mita 1.2 hivi, karibu na jicho la anayetumia kiti cha magurudumu, upitie njia nzima kuanzia mlangoni: kaunta inakuwa ukuta, vibao vya maelekezo vinapaa, na rafu ya juu haifikiki. Kisha lishushe zaidi, hadi la mtoto wa shule ya awali. Uwazi wa kugeuzia kiti, wa kipenyo cha mita 1.5, uupime kwenye ramani. Miwani itakuonyesha kama mtu anaujua upo.

Kwa hofu ya Mwalimu kuhusu kuruka, zima kitufe hicho pale unapoweza. Kama una chumba kikubwa kitupu, mwache atembee kwa miguu yake sehemu moja ya jengo, hata kama ni korido na mlango mmoja tu, huku wewe ukiwa karibu naye asije akagonga ukuta halisi. Kwa ngazi hakuna dawa, miguu yake itabaki kwenye sakafu tambarare. Zipime kwa vipimo vya kawaida, na ikiwezekana mpeleke mtu kwenye ngazi halisi yenye vipimo vile vile.

Na mwishoni mwa kila kikao, mtu akiwa ameshavua miwani, mpe karatasi na umwombe achore alikopita. Nguzo aliyoisahau, chumba alichokikuza, mlango aliouweka upande usio wake, vyote hivyo vipeleke kwenye ramani yako uvilinganishe.